Mbinu mpya na mkopo wa benki: Kwa nini mwenye wazo jipya hurudi mikono mitupu

MKULIMA wa bonde la Bugwema, Wilaya ya Musoma mkoani Mara, anayetaka kuacha kungoja mvua na kuanza kumwagilia vitunguu kwa pampu, ana wazo jipya lakini hana fedha. Jirani yake anayenunua mahindi kwa debe na kuyauza Musoma mjini hana jipya lolote. Wakienda benki siku moja, si ajabu yule wa mahindi akarudi na mkopo na yule wa pampu akarudi na fomu ya kujaza upya.

Jambo hilo huwashangaza wengi, kwani kila siku wafanyabiashara wadogo huhimizwa kuwa wabunifu. Huambiwa waachane na biashara za mazoea, waongeze thamani ya mazao na watumie mitambo. Wakishakubali, wanakuta mlango wa mkopo ni mwembamba kuliko ulivyokuwa walipofuata mazoea.

Somo la wiki hii linaeleza sababu za hali hiyo, mambo yaliyoonekana katika nchi mbalimbali, na njia ambazo mwenye mbinu mpya anaweza kupita bila kupoteza shamba wala nyumba.

HESABU YA AFISA MIKOPO

Benki hukopesha fedha za wateja walioweka akiba. Fedha hizo zinaweza kudaiwa wakati wowote, kwa hiyo jambo la kwanza kwa benki ni mkopo kurudi. Faida kubwa ya mkopaji huja baadaye katika hesabu zake.

Chukulia mfano wa mkopo wa sh. 2,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Ukirudi wote, benki inapata riba ya sh. 300,000. Pampu ikimletea mkulima mavuno mara tatu, benki bado inapata sh. 300,000 zile zile. Pampu ikiharibika na mazao yakakauka, benki inapoteza sh. 2,000,000.

Ili kufidia mkopo mmoja uliopotea wote, benki inahitaji riba ya karibu mikopo saba mingine iliyolipwa vizuri, kabla ya kutoa mishahara, pango na gharama nyingine. Hapo ndipo msomaji anaweza kuona kwa nini afisa mikopo haguswi sana na hadithi ya faida kubwa. Faida hiyo ni ya mkopaji, na hasara ni ya wote wawili.

Mbinu mpya ina tatizo jingine: haina historia. Biashara ya kununua na kuuza mahindi inajulikana. Afisa anaweza kukisia mauzo ya mwezi na miezi ya ukame. Kilimo cha pampu mahali ambapo majirani hawajawahi kukifanya hakimpi kipimo cha kulinganisha.

Baadhi ya wakopaji hudhani benki ingeweza kuongeza riba kidogo ili ifidie hatari hiyo. Wachumi wa Marekani, Joseph Stiglitz na Andrew Weiss, walieleza mwaka 1981 kwa nini mabenki huogopa njia hiyo. Riba ikipanda, wakopaji waangalifu hujiondoa na wanaobaki ni wale walio tayari kubahatisha. Kwa hiyo benki huona heri kukataa kuliko kupandisha bei ya mkopo.

UTAFITI WA NCHI MBALIMBALI

Uhusiano kati ya ubunifu na mikopo ni suala la zamani. Mchumi Joseph Schumpeter, katika kitabu chake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1911, alimweka mwenye benki karibu kabisa na mfanyabiashara mbunifu. Kwa maoni yake, mtu mwenye mpango mpya hawezi kupata mitambo na wafanyakazi kutoka katika shughuli za zamani mpaka apewe uwezo wa kununua, na uwezo huo hutoka benki.

Miaka 100 baadaye, mwaka 2011, watafiti Meghana Ayyagari, Asli Demirgüç-Kunt na Vojislav Maksimovic walichapisha uchunguzi wa makampuni zaidi ya 19,000 katika nchi 47 zinazoendelea. Waligundua kuwa makampuni yanayopata fedha kutoka nje, zikiwemo za benki, ndiyo yanayoleta mabadiliko mengi zaidi.

Watafiti hao hawakuhesabu uvumbuzi wa maabara peke yake. Walihesabu pia bidhaa mpya dukani, bidhaa ya zamani iliyoboreshwa, mtambo mpya na kufungua kiwanda kipya. Kwa kipimo hicho, mkulima wa Bugwema anayenunua pampu ni mbunifu kamili.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2015 na Neil Lee, Hiba Sameen na Marc Cowling, uliangalia makampuni madogo na ya kati zaidi ya 10,000 nchini Uingereza. Huo ulionyesha kuwa makampuni yenye ubunifu yalikataliwa fedha mara nyingi zaidi kuliko mengine.

Matokeo hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini yanakubaliana. La kwanza linazungumzia waliokwisha kupita mlangoni: wenye fedha hubadilika. La pili linazungumzia waliosimama mlangoni: mwenye jambo jipya hukataliwa zaidi. Kwa maneno mengine, mkopo huzaa ubunifu kwa urahisi zaidi kuliko ubunifu unavyozaa mkopo.

Tofauti ya nchi na nchi hutokana na kile ambacho sheria inaruhusu kiwe dhamana, na habari za mkopaji ambazo benki inaweza kuziona. Nchini Marekani, kampuni yenye hataza ya uvumbuzi wake inaweza kuiweka rehani benki, na makampuni mengi yamefanya hivyo. Huko jambo jipya lenyewe limekuwa mali.

Majirani wa Tanzania nao wamebadili sheria zao. Kenya ilitunga sheria ya dhamana ya mali zinazohamishika mwaka 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Chini ya sheria za aina hiyo, mashine, mifugo, mazao, bidhaa zilizoko ghalani na madeni anayowadai wateja vinaweza kuandikishwa kuwa dhamana. Mtu asiye na nyumba mjini anapata kitu cha kuweka mezani.

Kenya hiyo hiyo ilitoa somo la upande wa pili. Septemba 2016 ilianza kutumia sheria iliyozuia riba ya mikopo kupita pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa kumsaidia mkopaji mdogo. Hata hivyo, mabenki yalipunguza mikopo kwa wadogo na yakaelekeza fedha kwenye dhamana za serikali na kwa wateja wakubwa. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019.

HATI YA SHAMBA NA MASHARTI YAKE

Nchini Tanzania, mabenki yalitaifishwa Februari 1967 kufuatia Azimio la Arusha. Kwa zaidi ya miaka 20, mikopo ya kilimo ilipitia zaidi vyama vya ushirika na mashirika ya mazao. Mkulima mmoja mmoja hakuwa na sababu kubwa ya kumfahamu meneja wa benki.

Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991 ilifungua milango kwa mabenki binafsi. CRDB ilibinafsishwa mwaka 1996, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, ndipo NMB ilipozaliwa. Ushindani ulikuja, na pamoja nao swali ambalo kila mkopaji analijua: dhamana iko wapi?

Kwa mkazi wa Bugwema, dhamana kubwa ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo ni kinga nzuri ya mmiliki na inaweza kuwekwa rehani. Lakini afisa mikopo hujiuliza atamuuzia nani shamba hilo mkopo ukishindikana, kwa kuwa uhamishaji wa ardhi ya kijiji unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na si kila mtu wa nje anaruhusiwa kuinunua.

Kwa upande wa mkopaji, hatari ni kubwa zaidi. Shamba la familia likiwekwa rehani kwa ajili ya jaribio la msimu mmoja, kushindwa kwa pampu kunaweza kuwaacha watoto bila pa kulima. Jaribio hilo linaweza kuwa na manufaa yake, lakini si kwa dhamana ya namna hiyo.

STAKABADHI GHALANI

Hatua iliyobadili hali hiyo kwa mazao ilikuwa ubunifu katika dhamana yenyewe. Baada ya majaribio katika kahawa na pamba, Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Maghala mwaka 2005. Mfumo huo ulianza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08.

Utaratibu ni huu. Mkulima hupeleka mazao kwenye ghala lenye leseni. Mazao hupimwa uzito na ubora, na stakabadhi hutolewa. Katika miaka hiyo ya mwanzo, chama cha msingi kilitumia stakabadhi hizo kupata mkopo benki na kumlipa mkulima malipo ya kwanza, kisha mazao yaliuzwa kwa mnada na mkulima alipata salio.

Benki iliyokuwa haimjui mkulima sasa iliweza kuliona ghala. Zao halijabadilika, wala shamba halijabadilika. Kilichobadilika ni karatasi inayothibitisha kwamba mzigo upo, ni wa daraja fulani, na hautatoka bila idhini. Karatasi hiyo ilifungua mlango ambao hati ya shamba haikuufungua.

Mfumo huo nao una hatari yake. Mwezi Aprili 2013 kulizuka vurugu wilayani Liwale, mkoani Lindi, na nyumba zikachomwa, baada ya wakulima wa korosho kupata malipo ya pili yaliyo chini ya matarajio yao. Bei ya soko iliposhuka, mkopo wa benki na riba yake ulikatwa kwanza, na pengo lote lilimwangukia aliyekuwa mwisho wa foleni, yaani mkulima.

Mfanyabiashara wa nafaka anayefikiria kuweka mahindi au mpunga ghalani kungoja bei ipande anapaswa kuikumbuka Liwale. Kila mwezi wa kungoja una riba, ada ya ghala na upungufu wa uzito. Bei isipopanda zaidi ya jumla ya gharama hizo, kungoja ni hasara.

MKOPO WA SIMU

Ubunifu wa pili ulihusu habari za mkopaji. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Wakati huo ilikuwa njia ya kutumiana fedha. Baada ya miaka michache, mabenki yakagundua kuwa kumbukumbu za simu zinaonyesha nani hupokea fedha, mara ngapi, na huweka akiba kiasi gani.

Novemba 2012, Safaricom na Commercial Bank of Africa zilianzisha M-Shwari nchini Kenya. Mwaka 2014, M-Pawa ikaanza Tanzania kupitia Vodacom na benki hiyo hiyo. Mtu aliweza kukopa bila kufika tawini na bila kuweka dhamana ya mali. Kumbukumbu yake ya simu ndiyo iliyomsemea.

Pamoja na uzuri huo, muda na bei ya mikopo hiyo havikulenga kilimo. M-Shwari ilipoanza ilikuwa ya siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Vitunguu huchukua takriban miezi minne shambani tangu kuhamishwa kitaluni.

Chukulia mkulima amekopa sh. 500,000 kwa ada ya aina hiyo, akawa anaurudia mkopo kila mwezi kwa miezi minne. Ada ni sh. 37,500 kila mwezi, jumla sh. 150,000. Mkopo wa kiasi hicho hicho kwa asilimia 10 kwa mwaka ungemgharimu takriban sh. 16,700 katika miezi hiyo minne. Tofauti ya sh. 133,300 inaweza kununua mbegu na mbolea.

Zaidi ya hayo, mkopo wa kwanza unadaiwa kabla vitunguu havijawa hata na vichwa. Mkulima hulazimika kukopa kwingine ili alipe, na hapo ndipo wengi huingia mikononi mwa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wamewapa jina la kausha damu. Mkopo wa simu unamfaa mwenye genge au duka, ambaye fedha yake huzunguka ndani ya wiki. Kwa pampu haufai.

VIZIMBA VYA ZIWA VICTORIA

Mfano wa karibu zaidi na Bugwema uko ziwani. Ufugaji wa samaki kwa vizimba ni mbinu mpya kwa wavuvi wengi wa Mara waliozoea nyavu na mitumbwi. Unahitaji kizimba, vifaranga na chakula, na samaki hukaa miezi kadhaa kabla ya kuuzwa. Benki ya kawaida ina sababu ya kusita, kwani dhamana yote imo ndani ya maji.

Januari 2024 jijini Mwanza, Serikali ilikabidhi boti 160 na vizimba 222 kwa wavuvi na wafugaji wa samaki wa kanda ya Ziwa kwa mkopo usio na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, TADB, iliyoanza kazi mwaka 2015. Mkopo ulitolewa kwa vifaa badala ya fedha taslimu, hatua inayopunguza uwezekano wa fedha kwenda kwingine.

TADB pia ina mfuko wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo inayotolewa na mabenki mengine. Mfuko ukibeba sehemu ya hasara, ile hesabu ya mikopo saba kufidia mmoja hupungua, na afisa mikopo hupata ujasiri. Aidha, Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu katika kiasi cha fedha ambacho mabenki hulazimika kuhifadhi kwake, kwa yale yanayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10.

Nafuu hizi hazimfikii asiyeziulizia. Mkopaji anapofika tawini Musoma au Bunda, anayo haki ya kuuliza kama mkopo wake unaweza kuingia katika udhamini huo, na riba ya kilimo ni kiasi gani ikilinganishwa na ya biashara ya kawaida.

LA KUFANYA

Kwa wenye mbinu mpya, uzoefu wa nchi hizi unatoa mambo matano ya kuzingatia kabla ya kujaza fomu.

Kwanza, jaribu kidogo kwa fedha yako. Robo ekari iliyomwagiliwa kwa msimu mmoja, hata kwa pampu ya kukodi, ni historia. Jambo jipya lenye kumbukumbu ya msimu mmoja si jipya tena machoni pa benki.

Pili, andika. Daftari lenye tarehe, kilo, bei, aliyenunua na gharama ya mafuta ya pampu lina nguvu kuliko mchanganuo mzuri ulioandikwa na mtu wa kulipwa. Pale inapowezekana, mauzo yapite katika akaunti au simu ya biashara, ili benki iyaone yenyewe.

Tatu, linganisha muda wa mkopo na muda wa mavuno. Omba marejesho yaanze baada ya mauzo. Benki ikikataa na kudai malipo ya kila mwezi, hakikisha iko biashara nyingine ndani ya nyumba inayoweza kuyabeba.

Nne, toa dhamana inayolingana na jaribio. Mashine yenyewe, mazao ghalani, akiba, au udhamini wa kikundi na chama cha ushirika vije kwanza. Shamba la ukoo na nyumba ya familia visitangulie.

Tano, linda jina. Taarifa za mikopo huhifadhiwa na kusomwa na mabenki yote, na mkopo mdogo wa simu uliotelekezwa unaweza kuja kuzuia mkopo mkubwa wa pampu miaka michache baadaye.

Wawekezaji wadogo wenye hisa za mabenki katika Soko la Hisa la Dar es Salaam nao wana somo lao. NMB iliorodheshwa mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009, na taarifa zao za fedha hutolewa hadharani kila robo mwaka. Mwekezaji aangalie mikopo inakua kwa kiasi gani, na papo hapo aangalie uwiano wa mikopo chechefu. Benki Kuu hutumia asilimia 5 kama kiwango kisichopaswa kuvukwa. Benki inayokua haraka huku mikopo chechefu ikipanda inawapa fedha watu isiowaona vizuri.

Bonde la Bugwema lilianzishiwa shamba la umwagiliaji tangu miaka ya 1970, na maji ya Ziwa Victoria hayako mbali. Kwa hiyo ardhi na maji vipo. Mkulima wa pampu atakayeingia benki na daftari la msimu uliopita, jina la mnunuzi wake na ratiba ya marejesho inayofuata mavuno, atakuwa amempa afisa mikopo kitu cha kupima. Mahindi ya jirani yake yalipata mkopo kwa sababu hiyo hiyo.